Kufuata Kasoro Hadi Chanzo Chake: Somo la Moduli za Seva



Ndugu msomaji, somo la toleo hili linatoka kidogo katika njia tuliyoizoea. Tutazungumzia programu za seva, yaani zile zinazokaa katika kompyuta moja na kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja, na hasa zile zinazopokea vipande vipya zikiwa tayari zinafanya kazi. Vipande hivyo huitwa moduli. Swali letu ni moja: moduli ikiharibika ndani ya seva, tutajuaje kasoro imeanzia wapi?

Limewalenga wanafunzi wa kompyuta na vilevile sisi wa masomo ya Kiislamu. Wa kompyuta wataona jinsi kazi yao inavyofanana na fani iliyokomaa karne nyingi kabla ya umeme kuvumbuliwa. Sisi tuliosoma mustalah al-hadith tutaona kwamba utaratibu wa kuuliza “nani kapokea kwa nani?” una manufaa hata nje ya darasa letu. Mfano huu hauko sawa kila upande. Mpokezi wa hadithi ni mtu mwenye uadilifu au asiye nao, na maneno anayoyabeba yana heshima yake; programu ni chombo tu. Tunachokopa ni nidhamu ya uchunguzi.

Mwisho wa somo, msomaji aweze kufanya mambo matatu: kueleza moduli huingiaje katika seva, kutofautisha aina nne za kasoro, na kuifuata kasoro hatua kwa hatua bila kubahatisha.

1. Mfano ulio karibu nasi

Hatuhitaji kwenda mbali kupata seva ya namna hii. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief huko Indiana, Marekani, Burke Mamlin na Paul Biondich, walianzisha mradi wa OpenMRS baada ya kuona mzigo wa kumbukumbu za wagonjwa wa UKIMWI huko Eldoret, Kenya. Shirika la Partners In Health lilijiunga nao. Mwaka 2006 programu hiyo ilianza kutumika Eldoret, na mwaka huohuo ikafika kwetu Rwanda, katika hospitali ya Rwinkwavu, wilaya ya Kayonza.

OpenMRS ni programu huria: yeyote anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuitumia bila malipo. Walioibuni walijua kwamba hospitali ya Eldoret haifanani na ya Rwinkwavu, wala ya Rwinkwavu haifanani na ya nchi nyingine. Kwa hiyo waliweka kiini kidogo kinachotunza mambo ya msingi, yaani mgonjwa, ziara na vipimo, na wakaacha mlango wa moduli. Mahitaji ya nchi huongezwa kwa mlango huo. Wataalamu wa hapa Rwanda waliandika moduli zao wenyewe, ikiwemo ya malipo inayoshughulikia ankara na bima, na ya kuandikisha wagonjwa katika vituo vya afya. Kijana wa Kigali hakulazimika kuomba ruhusa ya mtu wa Indiana ili mama mwenye kadi ya mutuelle aandikiwe ankara sahihi.

Faida hiyo ina gharama yake. Kila moduli imeandikwa na mtu wake, kwa wakati wake, ikitegemea matoleo yake. Zote hukutana ndani ya seva moja, na zinapogombana, foleni husimama mapokezini.

2. Moduli huingiaje

Moduli ya OpenMRS ni faili moja yenye mkia wa .omod. Ndani yake mna klasi (vifurushi vya msimbo wa Java), maktaba ndogo ambazo moduli inazihitaji, na faili la utambulisho liitwalo config.xml. Katika faili hilo moduli hujitaja jina, hutaja toleo lake, na hutaja inawategemea nani: inahitaji kiini cha toleo gani, na moduli zipi nyingine ziwepo kabla yake.

Seva inapowaka hupita hatua hizi:

Kwanza, husoma folda ya moduli na kupanga nani atangulie nani, kwa kuwa anayetegemewa lazima aanze.

Pili, hukagua masharti. Moduli inayohitaji nyingine isiyokuwepo haitawashwa.

Tatu, huipa kila moduli kipakizi chake. Kipakizi ndicho kinachotafuta klasi na kuiingiza katika kumbukumbu ya kompyuta pale inapohitajiwa kwa mara ya kwanza. Zingatia maneno hayo: inapohitajiwa. Klasi haziingii zote kwa pamoja asubuhi. Nyingine husubiri mpaka mtu abonyeze kitufe fulani, na ndiyo maana seva inaweza kuwaka bila kelele, kisha ikaanguka saa nne mgonjwa wa kwanza anapofika dirisha la malipo.

Nne, hufanya mabadiliko ya hifadhidata ambayo moduli imeyaomba, kisha huiunganisha moduli na mwili wote.

3. Aina nne za kasoro

Katika mustalah, hadithi huitwa sahihi ikitimiza masharti matano: sanad yake iwe imeungana, wapokezi wawe waadilifu, wawe na uhifadhi madhubuti, isiwe shaadh, na isiwe na illa. Anayekagua hasemi tu “hadithi hii ni dhaifu” akanyamaza. Husema udhaifu umeingia wapi na kwa sababu gani. Mkaguzi wa seva naye asiseme “system imekufa”. Aseme ni ipi kati ya hizi.

Ya kwanza: mnyororo umekatika. Seva inaandika ClassNotFoundException au NoClassDefFoundError. Maana ya jumla ni kwamba klasi iliyotafutwa haikupatikana. Huenda maktaba ilisahauliwa wakati wa kufungasha moduli, au moduli imeitegemea nyingine bila kuitaja katika config.xml, hivyo kipakizi chake hakijui pa kutafuta. Hii inafanana na inqitaa: kati ya mwanafunzi na sheikh kuna mtu aliyeanguka katika orodha.

Ya pili: mpokezi yupo, lakini alichobeba kimebadilika. Seva inaandika NoSuchMethodError. Klasi imepatikana kwa jina lake, ila methodi iliyotarajiwa ndani yake haimo. Karibu kila mara sababu ni toleo: moduli ilijengwa ikitazama toleo moja, na sasa inakutana na lingine.

Ya tatu: jina moja, watu wawili. Hii huwatoa jasho wengi, kwa sababu seva inaandika ClassCastException na kudai kwamba klasi fulani haiwezi kugeuzwa kuwa klasi hiyohiyo. Unasoma majina mawili, herufi kwa herufi hayana tofauti, unadhani kompyuta imerukwa na akili. Haijarukwa. Katika Java klasi haitambuliwi kwa jina peke yake. Hutambuliwa kwa jina pamoja na kipakizi kilichoiingiza. Moduli mbili zikibeba kila moja nakala yake ya maktaba ileile, mashine huona klasi mbili tofauti.

Maulamaa wa hadithi walikutana na tatizo la sura hii na wakalipa jina: al-muttafiq wal-muftariq, yaani majina yanayokubaliana na watu wanaotofautiana. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, alitunga kitabu kizima juu yake. Ibn al-Salah alitaja watu sita walioitwa Khalil bin Ahmad, wa kwanza wao akiwa yule mwanasarufi aliyemfundisha Sibawayhi. Dawa yao ilikuwa kutotosheka na jina: uliza baba, kabila, mji, na zaidi ya yote, alipokea kwa nani. Dawa ya seva ni hiyohiyo. Usiulize klasi inaitwaje, uliza imepakiwa na nani na kutoka faili gani. Tiba yake ni kuacha nakala moja tu: maktaba ambayo kiini tayari kinayo, moduli isiibebe tena.

Ya nne: mabaki. Moduli ya OpenMRS inaweza kuzimwa na kuwashwa bila kuzima seva nzima. Ikizimwa, kipakizi chake na klasi zake zote zinapaswa kuondoka katika kumbukumbu. Lakini kama moduli iliacha kazi inayoendelea kwa nyuma, au ilijiandikisha mahali na haikujifuta, kipakizi cha zamani hubaki kimeshikiliwa. Washa na uzime mara kadhaa, na kumbukumbu hujaa. Katika Java ya 7 na zilizotangulia, ujumbe ulitaja eneo liitwalo PermGen. Tangu Java 8 ya mwaka 2014 eneo hilo liliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Metaspace. Jina lilibadilika, uvujaji haukuondoka. Anayepona kwa kuwasha seva upya kila Ijumaa hajatibu, ameahirisha.

4. Tuifuate kasoro moja

Tuchukue mfano wa kubuni. Kituo cha afya kina moduli mbili: “malipo”, na “msingi” toleo 1.0 ambayo malipo huitegemea. Jumapili jioni fundi anaongeza moduli ya tatu, “ripoti”. Ripoti inahitaji msingi toleo 2.0, kwa hiyo fundi anaondoa msingi ya zamani na kuweka mpya. Seva inawaka, moduli zote tatu zinaonyesha alama ya kijani. Fundi anakwenda kulala.

Jumatatu saa mbili asubuhi dirisha la malipo linatoa kosa. Katika daftari la matukio la seva, mistari ya mwisho inasema NoClassDefFoundError: klasi moja ya malipo imeshindwa kuanzishwa.

Hatua ya kwanza: usiamini mstari wa mwisho. Mwenye haraka atasoma NoClassDefFoundError na kudhani faili limepotea, aanze kunakili mafaili huku na huku. Lakini ujumbe hausemi klasi haikupatikana, unasema haikuweza kuanzishwa. Maana yake klasi ilipatikana, ikajaribu kuanza mara moja, ikaanguka. Tangu hapo kila anayeiita anajibiwa kwamba imeshindikana. Sababu halisi itafute katika anguko la kwanza.

Hatua ya pili: panda juu hadi kosa la kwanza. Fundi anarudi nyuma katika daftari tangu seva ilipowaka. Anakuta ombi la kwanza la asubuhi, na hapo ujumbe ni mwingine: NoSuchMethodError. Malipo iliita methodi ndani ya klasi ya msingi na haikuikuta. Sasa tunajua tuko katika aina ya pili, si ya kwanza.

Hatua ya tatu: thibitisha asili. Dhana bado ni dhana. Katika seva ya majaribio, fundi anawasha Java kwa chaguo la -verbose:class. Chaguo hilo huandika kila klasi inapopakiwa na faili ilikotoka. Hii ndiyo sanad ya klasi, imeandikwa waziwazi. Anatafuta klasi ile na kuona imetoka katika msingi 2.0. Kisha anatumia javap, chombo kinachoorodhesha methodi zilizomo ndani ya klasi, juu ya toleo 1.0 na juu ya 2.0. Katika la kwanza methodi imo. Katika la pili haimo.

Hatua ya nne: uliza kwa nini mlinzi aliruhusu. Malipo ilisema katika config.xml kwamba inahitaji msingi 1.0. OpenMRS husoma sharti la namna hiyo kuwa “1.0 au zaidi”. Mbili ni zaidi ya moja, ukaguzi ukapita. Mlinzi aliangalia namba, hakuangalia kilichomo. Na kwa kuwa klasi huingia inapohitajiwa tu, alama ya kijani ya Jumapili ilikuwa ya kweli, ila ilishuhudia jambo dogo kuliko fundi alivyodhani: moduli imewaka, basi.

Hatua ya tano: rudisha huduma kwanza, tibu baadaye. Wagonjwa wanasubiri. Fundi anaondoa ripoti, anarudisha msingi 1.0, anawasha seva upya, dirisha linafunguka. Kisha kwa utulivu malipo inajengwa upya kwa kutazama msingi 2.0, inajaribiwa, na sharti lake linaandikwa kwa mpaka wa chini na wa juu.

Seva ikigoma hata kuwaka, usikate tamaa. Moduli inaweza kutolewa katika folda yake kwa mkono, au kuzuiwa kwa kuandika “false” katika sifa yake ya .started ndani ya hifadhidata. Zizuie zote mpya, kisha rudisha moja baada ya nyingine. Ukirudisha mbili kwa pamoja na seva ikaanguka, umejinyima ushahidi.

Wenye kutumia kitatuzi cha mbali, yaani programu ya kusimamisha seva katikati ya msimbo na kuichungulia, wakumbuke mambo mawili. Alama ya kusimama haishiki mpaka klasi yake ipakiwe, hivyo isiposimama huenda klasi haijaitwa bado, au iliyopakiwa ni nakala ya zamani iliyobaki katika hifadhi ya muda. Na mlango wa kitatuzi usiachwe wazi kwa mtandao wa nje, kwa sababu anayeufikia anaweza kuiamuru seva afanye atakalo.

5. Illa iliyofichika

Kuna kasoro ambayo daftari la matukio haliisemi. Kwa wanahadithi, illa ni sababu iliyojificha ndani ya sanad ambayo kwa nje inaonekana salama. Ali bin al-Madini, aliyefariki mwaka 234 Hijria, alifundisha kwamba haionekani mpaka njia zote za hadithi zikusanywe na kulinganishwa. Ad-Daraqutni, aliyefariki mwaka 385, aliacha kazi kubwa juu ya fani hii.

Dunia ya seva ilipata mfano wake tarehe 29 Machi 2024. Mhandisi aitwaye Andres Freund alikuwa akipima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL, akaona jambo dogo: kuingia katika kompyuta kwa njia ya SSH kulichelewa kwa karibu nusu sekunde na kulitumia nguvu zaidi ya kawaida. Hakuna kilichoanguka. Wengi wangepuuza. Yeye alilinganisha, akafuata mnyororo wa maktaba zinazopakiwa, akafika kwenye liblzma ya mradi wa xz. Baadhi ya matoleo ya Linux yaliiunganisha seva ya SSH na maktaba ya systemd, na kwa mlango huo liblzma nayo iliingia. Ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 mlikuwa na mlango wa siri. Uliingizwa na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili alifanya kazi nzuri mpaka akaaminiwa.

Funzo ni mawili. Kuunganika kwa sanad hakutoshi. Hali ya kila aliye ndani yake hutazamwa, na huendelea kutazamwa. Na tofauti ndogo isiyo na maelezo ni habari. Iandike, ilinganishe, ifuate.

6. Adabu za kazi

Ndugu zangu, seva ya kituo cha afya ni amana. Yeyote atakayeigusa azingatie haya.

Usichunguze kasoro juu ya seva inayohudumia wagonjwa kama unaweza kuipata katika seva ya majaribio. Kitatuzi kinaposimamisha msimbo, kinamsimamisha pia daktari.

Usipeleke hifadhidata ya wagonjwa katika kompyuta yako ya chumbani kwa hoja ya kujifunza. Sheria ya Rwanda Namba 058/2021 ya tarehe 13/10/2021 inalinda taarifa binafsi na faragha, na kabla ya sheria kuna sitara ya mgonjwa. Tengeneza wagonjwa wa kubuni.

Usimtuhumu mwandishi wa moduli kabla ya kuona ushahidi. Katika mfano wetu, ripoti ndiyo iliyokuja mwisho na wote wangeinyooshea kidole, kumbe haikuwa na kosa. Kasoro ilikuwa katika sharti lililoandikwa kwa ulegevu ndani ya malipo, labda miaka kabla. Kilichotokea karibuni si lazima kiwe ndicho chanzo.

Andika ulichokiona, ulichokibadilisha na saa uliyokibadilisha. Atakayekuja baada yako naye anahitaji sanad.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini moduli inaweza kuonyesha alama ya kijani na bado ikawa na kasoro?

2. Toa tofauti kati ya klasi isiyopatikana na klasi iliyoshindwa kuanzishwa. Kosa la kila moja utalitafuta wapi?

3. Moduli mbili zimebeba nakala ya maktaba moja. Eleza kosa litakaloonekana, kisha lilinganishe na al-muttafiq wal-muftariq. Mfano unafaa hadi wapi, na unakatikia wapi?

4. Fundi amerudisha huduma kwa kuwasha seva upya, na kasoro haijaonekana tena kwa wiki moja. Je, kazi imekwisha? Toa hoja zako.

Wa kompyuta na wa masomo ya dini wakae kundi moja, kila mmoja amweleze mwenzake istilahi za fani yake. Wallahu a'lam.